Msaada: mafumbo ya sarafu na tiketi yanamliza binti yangu wa kidato cha pili

MamaGenge: Habari zenu wadau. Binti yangu ukimpa mlinganyo ulioandikwa tayari anautatua vizuri tu. Ukimpa fumbo la maneno anaduwaa. Jana swali lilikuwa hili: kibubu kina sarafu 36, baadhi za shilingi 200 na zilizobaki za shilingi 500, jumla shilingi 10,500. Za kila aina ni ngapi? Akaandika x + y = 10,500, akakwama hapo hapo mpaka akalia. Mimi niliishia la saba. Chenji nahesabu kichwani, ila hizo x sizijui. Nimsaidieje?

KondaWaZamani: Pole dada. Kama chenji unahesabu kichwani, hili unaliweza. Chukulia sarafu zote 36 ni za 200. Hapo una 7,200. Kibubu kina 10,500, kwa hiyo bado 3,300. Sasa kila ukitoa sarafu ya 200 ukaweka ya 500 mahali pake, idadi inabaki 36 ila pesa inapanda kwa 300. Ubadilishe mara ngapi kupata 3,300? Mara 11. Basi za 500 ni 11, za 200 ni 25. Kwenye daladala nilikuwa nakagua hesabu hivi hivi, wakubwa na wanafunzi, kila jioni.

MwalimuHesabu: Njia ya konda ni sahihi na naipenda sana, ila kwenye mtihani akiambiwa atumie milinganyo lazima aioneshe. Tazama kosa la binti: x na y ni idadi ya sarafu, 10,500 ni pesa. Ukijumlisha sarafu na sarafu unapata sarafu, hupati shilingi! Kabla hajaandika mlinganyo wowote, aandike kwa maneno kamili: "x ni idadi ya sarafu za 200, y ni idadi ya sarafu za 500." Asiruke mstari huo hata siku moja. Kisha mlinganyo wa idadi: x + y = 36. Na wa pesa: 200x + 500y = 10,500. Azidishe ule wa kwanza kwa 200 apate 200x + 200y = 7,200, autoe kwenye wa pili. Inabaki 300y = 3,300. Mmeziona 7,200, 3,300 na 300 za konda? Ni hesabu ile ile.

Binti_wa_Pwani: Naongezea mtego ulioninasa mimi. "Tiketi za watoto ni mara tatu ya za wakubwa." Ukiita idadi ya tiketi za watoto t na za wakubwa w, wengi wanaandika 3t = w kwa kufuata maneno yalivyopangana. Ajaribu namba: wakubwa 10, watoto 30. 3 mara 30 si 10. Kwa hiyo ni t = 3w.

MamaGenge: Asanteni sana, na mwalimu shikamoo. Leo nimempa la tiketi: mechi, mtoto 1,000, mkubwa 3,000, zimeuzwa tiketi 250, zimepatikana 430,000. Ameanza na mistari ya maneno kama ulivyosema. Amepata wakubwa 90, watoto 160, akahakiki mwenyewe: 270,000 na 160,000. Ila kwenye swali jingine la kibubu kapata sarafu 11 na nusu, ananiuliza aandike hivyo hivyo?

MwalimuHesabu: Marahaba. Asiandike. Hakuna nusu sarafu, kwa hiyo kuna mahali pameharibika. Aanze kukagua mlinganyo wa pesa, aone kama thamani za sarafu na jumla amezinakili sawasawa. Kama milinganyo iko sawa, akague kutoa kwake. Akikwama, uliweke swali lenyewe hapa tulione.