Picha za Korem 1984, mbona vita havionekani?

kijana_wa_ilala
Wakuu habari, jana nimerudia kuangalia zile picha za Korem, Ethiopia, alizochukua Mohamed Amin wa Nairobi Oktoba 1984, watu wamelala chini alfajiri na baridi lote lile, wengine washafunikwa shuka wamekufa, nililia kwa kweli. Sasa mimi miaka yote najua ni ukame, juzi ndo naambiwa kulikua na vita na serikali ilihusika. Mbona kwenye picha sioni? Kosa la mpiga picha?

Bi Rehema
Ukame ulikuwepo mdogo wangu. Ila serikali ya Mengistu ilikua inapigana na waasi wa Tigray na Eritrea, ndege zinapiga mabomu hadi masoko, watu wakawa wanaenda sokoni usiku, nafaka ya kule ilikopatikana haifiki kule kwenye njaa. Na Septemba hiyohiyo Addis Ababa wanasherehekea miaka 10 ya mapinduzi, waandishi wamezuiwa kwenda kaskazini!! Baadae tena watu wakakusanywa kwa nguvu wakahamishiwa kusini magharibi.

mzee_wa_negative
Amin simlaumu hata kidogo. Kamera inachukua kilicho mbele yake, na kibali cha kufika kule kilitoka kwa serikali ileile. Mimi nalaumu maneno. Ripoti ya Michael Buerk iliyotoka BBC tarehe 23 Oktoba ilifananisha na njaa ya kwenye Biblia, sasa ukishasikia Biblia unaona ni mambo ya Mungu, utamuuliza nani? Dunia ikachanga hela nyingi sana na watu walipona, hilo nashukuru, ila wa kupiga mabomu wachache walimtaja.

Yashanikuta na mimi. Nilipiga picha mama kakaa juu ya vyombo vyake siku ya bomoabomoa, gazeti likaitoa na mstari mmoja chini, wasomaji wakaleta magodoro na masufuria, hakuna aliyeuliza amri imetoka wapi.

kijana_wa_ilala
Yeye mwenyewe ulimuuliza lakini, mzee wangu?

mzee_wa_negative
Alikua ameshika ile notisi mkononi, ina sahihi na muhuri, akaninyooshea niipige. Nikamwambia aiweke pembeni kwanza, niliona inaharibu picha.