Tupeane uzoefu: doa la zulia lililokutoa jasho

Mama Mapacha, Bombo: Leo mtoto kamwaga chai ya maziwa kwenye zulia la sebuleni, hata mwezi halijamaliza. Nyie yenu yalikuwaje?

Dereva wa Arua: Udongo mwekundu wa huku wakati wa mvua usiniambie. Nilikimbilia kitambaa kibichi, zulia lote likawa rangi ya matofali. Siku hizi nauacha ukauke kabisa, napiga brashi, nafagia, maji baadaye.

Bi Kinyonga: Kweli tupu.

Mke Mdogo, Kisenyi: Ngojeni niwape la kuku. Siku ya Idd, wakwe wanatoka Jinja, wamepiga simu wako Mukono. Shemeji anachinja uani, akamwachia kuku mapema. Yule kuku akapita mlango wa jikoni, huyo sebuleni, juu ya zulia la rangi ya maziwa! Akazunguka mara mbili, akaenda kufia chini ya meza ya TV. Kwa kiherehere changu nikamwaga maji ya moto. Damu ikageuka kahawia, ikashika. Nikatia jiki, doa likapata duara la njano pembeni. Mama mkwe akavua viatu, akatazama, akasema, "Maua mazuri haya, mmenunua soko la Owino?"

Fundi Mbao: Shemeji hajui kuchinja. Kuku anakanyagwa mabawa mpaka atulie.

Mke Mdogo, Kisenyi: Ssebo, bwana Fundi, mada ni zulia.

Fundi Mbao: Na zulia lingepona kuku angeshikwa!

Babu Kofia: Damu ni maji baridi na chumvi. Gandamiza kwa kitambaa cheupe, usisugue. Maji ya moto yanaipika kama yai.

Hajati: Mimi natumia ya moto miaka yote.

Babu Kofia: Kwa mafuta ya mchuzi sawa, Hajati. Kwa damu hapana.

Bi Kinyonga: Ulimbo wa fenesi unapakwa mafuta ya kupikia kwanza, ukilegea ndipo sabuni.

Dereva wa Arua: Na utomvu wa matoke?

Hajati: Huo sogeza kochi ulifunike.

Mke Mdogo, Kisenyi: Kochi langu liko juu ya kuku mpaka leo. TV tunaitazama kwa shingo upande.

Fundi Mbao: Shemeji bado anachinja?

Mama Mapacha, Bombo: Jamani, chai yangu inakauka huku.