Nifanyeje ili wanafunzi wa Darasa la Tano wafikiri badala ya kukariri?

Mwalimu wa Sayansi, Dodoma
Wakubwa, shikamooni, wenzangu, hamjambo. Ninafundisha Sayansi darasa lenye wanafunzi 74. Juzi niliuliza maana ya uvukizi, na karibu kila aliyenyoosha mkono aliitaja kama ilivyo kitabuni. Nilipouliza kwa nini kanga iliyoanikwa penye upepo hukauka upesi kuliko iliyokunjwa na kuwekwa kivulini, darasa zima lilinyamaza, na hatimaye mmoja akarudia ile maana aliyoikariri. Nilisikitika sana, kwa kuwa watoto hawa hufua na kuanika nguo kila wiki. Katika darasa kubwa kiasi hiki, nianzie wapi kuwajengea fikra tunduizi?

Mwalimu mstaafu, Tanga
Marahaba, mwanangu. Huenda kilichokosekana ni muda. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza ufundishaji wa sayansi katika shule za msingi, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri takriban sekunde 1 tu, na kwamba walimu waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na yakaanza kuambatana na sababu. Kwa hiyo uliza, kisha nyamaza. Waache wajadiliane na wenzao wa dawati moja, ndipo umwite mmoja aeleze alichosema mwenzake. Akikosea, muulize, “Umejuaje?” Muulize vivyo hivyo na aliyepata, kwa maana swali hilo likielekezwa kwa wanaokosea peke yao, watoto hulisikia kama karipio na hawatathubutu tena kufungua kinywa.

Mwalimu wa Gredi ya 5, Kilifi
Huku Kenya, Mtaala wa Umilisi unataja fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wa msingi 7, ingawa kuandikwa ni jambo moja na kutendeka darasani ni jingine. Mimi hutumia fumbo la mtu anayevuka mto na chui, mbuzi na majani, ilhali mtumbwi humchukua yeye na kimoja tu, na asipokuwapo chui atamla mbuzi, naye mbuzi atakula majani. Wengi hukwama kwa kuwa hawadhani kwamba mbuzi aliyekwisha kuvushwa anaweza kurudishwa. Simsifu aliyemaliza kwanza. Humwomba aonyeshe njia alizojaribu zikashindikana.

Mwalimu wa Sayansi, Dodoma
Ahsanteni sana. Leo nimerudia swali langu la kanga, nikanyamaza, nikawaacha wanong'one madawatini. Msichana mmoja, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akijibu, akasimama na kusema, “Mwalimu, hiyo ya pili imekunjwa, tena iko kivulini. Tutajuaje kuwa sababu ni upepo?” Alikuwa sahihi: nilikuwa nimebadilisha mambo matatu kwa mara moja bila kujua. Kesho tutaanika vitambaa viwili vya ukubwa mmoja, vyote vimekunjuliwa na vyote kivulini, kimoja penye upepo na kingine pasipo na upepo, na yeye ndiye atakayeandika saa.