Kisukari, kitambi na pumzi fupi: pampu ya pumu haisaidii

Mdau wa Uyole
Habari wakuu. Mama wa miaka 56, mkulima wa viazi, kilo 94, urefu sentimita 158, kiuno sentimita 112. Kisukari miaka 8, sukari kabla ya kula inacheza 10 hadi 13 mmol/L. Akipanda kilima pumzi inamkata. Hajawahi kuvuta sigara, ila anapikia kuni. Spirometa (mashine ya kupima pumzi kwa kupuliza): FVC, yaani hewa yote anayopuliza, asilimia 66 ya inayotarajiwa; FEV1, yaani inayotoka sekunde ya kwanza, asilimia 69; uwiano wa FEV1 kwa FVC 0.83. Kaandikiwa pumu na salbutamoli ya kuvuta, nafuu hamna. Sukari inafika mpaka mapafuni?

Tabibu wa kifua
Inafika, mkuu. Anza na huo uwiano. Mirija ikibana, hewa hutoka kwa shida na uwiano hushuka, mara nyingi chini ya 0.70. Kwake hewa inatoka vizuri, tatizo iliyoingia ni kidogo. Mafuta ya tumboni yanasukuma kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) juu, mapafu ya chini hayajai. Sukari ya muda mrefu nayo hung'ang'ania protini za mapafu na ukuta wa kifua, vinakakamaa. Pampu haina cha kufungua hapo.

Pumu huja na kuondoka, kwa hiyo usiifute bado: mpe mivuto 4 ya salbutamoli (mikrogramu 400), ngoja dakika 15, apulize tena. Prednisoloni (dawa ya steroidi) ya kujaribia usithubutu, sukari itapaa.

Fundi wa spirometa
Kabla ya yote, alipulizaje? FVC ya chini mara nyingi ni ya mtu aliyekata pumzi mapema. Akae wima, pua ibanwe, ajaze kifua mpaka mwisho, apulize kwa nguvu sekunde 6 bila kukatisha. Zipatikane pulizo 3 safi, mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Asiwe ametoka kushiba ugali. Na kanga iliyokazwa kiunoni ilegezwe! Wengi hulisahau hilo, kisha wanalaumu mashine.

Mdau wa Uyole
Asante wakuu. Oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ilisoma asilimia 93, na usiku analalia mito miwili.

Tabibu wa kifua
Mbeya iko mita 1,700 hivi, 94 au 95 huku si ajabu. Baridi ya Julai inapunguza damu inayofika vidoleni na kipimo kinadanganya: apashe mikono, asubiri namba itulie, kisha usome.

Mito miwili ndiyo inanitia shaka zaidi, huenda ni moyo. Kagua miguu kama imevimba, apigwe picha ya kifua, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasaundi ya moyo. Makohozi yapimwe GeneXpert (kipimo cha TB) hata kama hakohoi sana, maana kisukari huongeza hatari ya TB takriban mara 3. Ikikutwa TB na anatumia glibenklamidi ya kisukari, rifampisini ya TB itaipunguza nguvu, dozi ipangwe upya.

Moyo na TB vikiwa safi, kazi ni kiuno: kilo 5 hadi 9 zikitoka, FVC irudiwe. Kuni zihamie nje.