Lori linakula oili na limeishiwa nguvu: oveholi au injini nyingine?

Tairi_Kumi: Wakuu, naomba mawazo yenu. Lori langu ni dizeli, silinda sita. Linakula oili, linatoa moshi wa bluu, na likipanda mlima na mzigo linachoka mapema. Nikifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, mvuke unasukuma kwa nguvu. Fundi mmoja anasema oveholi, yaani kufumua injini na kubadilisha vilivyochakaa, mwingine anasema nifunge injini ya mtumba. Nimsikilize nani?

FundiDizeli: Pima kwanza. Wengi wakiona huo mvuke wanasema ringi za pistoni zimekwisha, kumbe kwenye lori kompresa ya breki (pampu ya hewa ya breki) na turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) nazo zinaweza kusukuma hewa hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Lipaki tambarare, kinga matairi, fungua bomba la hewa linalotoka kwenye kompresa, halafu uangalie kama mvuke umepungua. Turbo ikipoa, shika shafti yake uone inacheza kiasi gani. Hata moshi wa bluu unaweza kutoka hapo. Baada ya hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda moja moja. Zikiwa zimeshuka zote kwa kukaribiana, huo ni uchakavu. Ikishuka moja tu, huenda ni valvu au pistoni, na si lazima ufumue injini nzima.

MamaLori: Ongeza na filta ya oili, kaka. Ikate, tandaza karatasi yake mahali penye mwanga. Vichembe vya rangi ya shaba ni beringi hizo. Vinavyonasa kwenye sumaku ni chuma. Vyeupe visivyonasa ni aluminiamu, mara nyingi ya pistoni. Ukiona shaba, usiwashe tena mpaka sampu ishushwe.

Njia_Ndefu: Mimi natetea injini nyingine. Oveholi ikikosa spea moja, gari linakaa chini na wateja wanahama. Ila usinunue injini iliyolala sakafuni. Iwashwe ikiwa baridi mbele yako, na presha ya oili isomwe ikishapata moto. Hakikisha kompyuta, nyaya, flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) na mikono ya injini vinaingiliana na gari lako. Namba ya injini ikibadilika, karatasi za gari nazo zirekebishwe.

Tairi_Kumi: Nimepima. Kompresa imefunguliwa na mvuke uko vilevile. Turbo haichezi. Kompresheni imeshuka silinda zote, karibu sawa. Kwenye filta sijaona shaba.

FundiDizeli: Basi mimi nakwambia oveholi, kwa sharti moja: krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na bloku (mwili wa injini) viwe vizima. Shusha sampu, toa kofia za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki), pitisha ukucha juu ya krenki. Ukucha ukikwama, krenki ikapimwe kama inachongeka. Bloku ikiwa na ufa, au pale slivu (bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) inapokaa pakiwa pameliwa vibaya, hapo nitaungana na Njia_Ndefu bila ubishi.

Na ukifanya, fanya kamili: slivu, pistoni, ringi, beringi, gaskiti zote. Kuweka ringi mpya ndani ya slivu iliyochakaa ni kutupa hela, maana ringi haitakaa na oili itaendelea kuungua. Hapa ndipo watu wanapoharibu, halafu wanailaumu oveholi.

Njia_Ndefu: Kwa majibu hayo hata mimi nisingenunua mtumba. Unaijua historia ya injini yako. Ya mtumba inaweza kuwa na ugonjwa uleule.

Tairi_Kumi: Nashusha sampu. Silinda hedi (kichwa cha injini) nayo niipeleke kwa mchongaji, au nibadilishe gaskiti tu?

FundiDizeli: Ipeleke ikapimwe kama imepinda na kama ina ufa, na valvu zisagwe. Wakati wa kufunga, pima slivu imetokeza kiasi gani juu ya bloku, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Zikitofautiana, gaskiti mpya itavuja tena. Nozeli zinazopuliza dizeli zikapimwe pia, kwa sababu inayomwaga dizeli ovyo huosha oili kwenye slivu mpya. Na intakula (kipozea hewa ya turbo) iliyojaa oili ioshwe kabla hujawasha.

MamaLori: Na kipozea oili, tafadhali. Uchafu wa injini ya zamani hujificha humo.