Tupeane uzoefu: Paranoid ya Black Sabbath, wimbo gani ulikukamata wa kwanza?

Wakuu habari zenu.

Tangu Ozzy, mwimbaji wao, afariki Julai 22, 2025 hii albamu haijatoka kwenye simu yangu, na nimegundua humu bongo wengi wanaijua kwa jina tu au kwa kuambiwa ni muziki wa mashetani. Naomba tupeane uzoefu, kila mtu aseme wimbo uliomkamata na ulimkutia wapi.

Kwa wageni: hawa ni vijana wanne wa Aston, mtaa wa watu wa viwandani Birmingham, Uingereza. Ozzy Osbourne anaimba, Tony Iommi gitaa, Geezer Butler besi na ndo mwandishi wa mashairi karibu yote, Bill Ward drams. Albamu ya kwanza waliitoa Februari 1970, hii ya pili ikatoka Septemba 18 mwaka uleule, nyimbo nane tu, ikashika namba 1 Uingereza. Ilikuwa iitwe War Pigs ila singo ya Paranoid ilipopendwa sana jina likabadilishwa wakati picha ya kava ishapigwa, ndo maana pale mbele kuna jamaa kashika upanga na ngao na huelewi anahusiana nini na jina.

Mimi wangu ni War Pigs. Mzee wangu alipigana vita vya Kagera na nyumbani alikuwa hataki kelele, siku moja king'ora kile cha mwanzo kikamkuta sebuleni akauliza hiki nini. Nikamwelezea, majenerali wamekusanyika kama wachawi, wanasiasa wanaanzisha vita halafu wanajificha wanawaachia masikini wakafe, na mwisho siku ya hukumu wote wanatambaa kwa magoti wanaomba msamaha. Mzee akakataa. Akasema sisi tulivamiwa, Amin alichukua ardhi yetu 1978, mimi hakuna aliyenisukuma nilikwenda kwa miguu yangu. Tukabishana sana jioni ile, nikamwambia hawa wanaimba wakati wa Vietnam, akaniambia basi waseme Vietnam wasiseme vita vyote. Sijawahi kuusikiliza kijuujuu tena ule wimbo baada ya hapo. Kitu pekee alichokisifia ni drams, pale Ozzy anapoimba mstari halafu gitaa na besi zimekaa kimya Ward anagonga hi-hat (yale matasa mawili ya mguu) peke yake, akasema huyu mpiga ngoma anajua kusubiri.

Karibuni.

Mbeya_kwa_Mbeya:
Mkuu umeanza na mzito. Mimi Iron Man kama watu wengi, ile rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) hata mtoto wa darasa la pili akisikia mara moja anaiimba. Ila kisa chake nilikijua baadaye sana, kwamba ni mtu aliyesafiri mpaka kesho ya dunia akaona maangamizi, wakati wa kurudi akageuka chuma, anataka kuwaonya watu hakuna anayemjali, basi hasira zikampanda akawaangamiza mwenyewe. Ozzy alipoisikia hiyo rifu mara ya kwanza alisema inafanana na mtu mkubwa wa chuma anatembea, Geezer akaenda akaandika hadithi. Nadhani ndo wimbo wa huzuni kuliko yote humo ndani na watu wanaupigia makofi.

solo_la_kati:
Mimi ni mpiga gitaa wa dansi, nimepiga solo na rizim kwenye bendi za ukumbini miaka mingi, metal, hii roki nzito, sikuijua kabisa. Karakana ya mbao niliyokuwa nafanya kazi mchana, mashine ya randa ikanila ncha ya kidole cha pete mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi. Nikajua muziki basi. Kuna kijana wa studio akaniambia mzee, msikilize huyu Tony Iommi halafu nikuambie habari zake.

Iommi alikuwa na miaka 17 anafanya kazi kiwanda cha kukata mabati, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Yeye anapiga kwa kushoto kwahiyo ni mkono wa kulia, lakini jambo ni lilelile, vidole vya kubania. Bosi wake wa kiwandani ndo akamletea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa yule aliyeungua mkono akawa anapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji akatengeneza vikofia vya vidole, juu akabandika ngozi ili nyuzi zisiteleze, nyuzi za kawaida zikawa zinamuumiza akatafuta nyembamba mpaka akawa anatumia za banjo.

Sasa wewe isikilize Paranoid ukijua hilo. Anabana nyuzi mbili tatu tu, ile noti ya chini na ya tano yake, hakuna zile kodi (chords) za vidole vyote kama tunazopiga sisi, halafu ampu imefunguliwa mpaka sauti inakwaruza na ndo unapata ule ukuta. Mimi nilitengeneza kikofia cha mpira wa baiskeli kwanza, ukawa unanata, nikahamia ngozi. Solo za kasi bado zinanisumbua, rizim narudi vizuri. Jumamosi napanda jukwaani kama kawaida.

fundi_ampu:
Shikamoo mzee solo_la_kati. Naongezea kitu kwa vijana wanaojifunza, wengi wanashusha gitaa ndo wapige Iron Man, hapana, hii albamu nyuzi ziko tyuni ya kawaida. Kushusha nusutoni tatu walianza kwenye albamu ya tatu ya 1971, na hapo Iommi alikuwa anatafuta nyuzi zilegee vidole visiumie. Ule uzito wa Paranoid umetoka kwenye mikono tu.

mama_wa_zamu_usiku:
Niko Birmingham, kazi yangu kulea wazee. Nilipokuja sikujua kama hawa watu wa hapa, mimi nimekulia kwenye taarab na bongofleva. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alifanya kazi viwandani ujana wake wote, alikuwa anaomba nimuwekee hii albamu kila nikimnyoa, ananiambia ule mdundo ndo mashine zilivyokuwa zinapiga usiku kucha mtaani kwao. Nikaizoea mpaka nikaipenda. Wangu ni Fairies Wear Boots, ule wa mwisho, umetokana na vurugu zao na vijana wa skinhed, wale wa kunyoa vipara ambao wengine ni wabaguzi wa rangi, na mimi mweusi ninayerudi kazini usiku na basi nikisikia skinhed najua wanaongelea watu wa namna gani.

Julai 5 walipopiga shoo ya mwisho Villa Park, palepale Aston walikokulia, wote wanne wa mwanzo pamoja, nilikuwa zamu ila mji mzima ulikuwa fulana nyeusi. Ozzy aliimba amekaa kwenye kiti cha enzi sababu ya Parkinson. Wiki mbili na siku kadhaa baadaye kafariki. Julai 30 msafara wa jeneza ulipita Broad Street mpaka kwenye daraja waliloliita jina la bendi, nikaenda na mwanangu. Nilitegemea kuona watu wa kutisha jamani, nikakuta mababu wanalia wamebeba wajukuu mabegani, mama mmoja hanijui wala simjui akanishika mkono mpaka gari likapita.

neno_hai:
Samahani kwa mnaoipenda, mimi nimeokoka na nilifundishwa hawa waliabudu shetani, jina lenyewe la bendi linasema. Nauliza kwa nia njema, mnatenganishaje?

mleta mada:
Ndugu neno_hai swali zuri na nakushukuru umeuliza kwa heshima. Jina walilitoa kwenye filamu ya kutisha. War Pigs kwanza uliitwa Walpurgis, yaani usiku wa wachawi, ndio, wachawi wamo, lakini soma mashairi uone nani ni mchawi: ni wale wanaopeleka watoto wa wenzao vitani, na anayewahukumu mwisho ni Mungu. Shetani yupo anacheka pembeni kwa sababu kapata wateja. Misalaba waliyokuwa wanavaa shingoni aliwachongea baba yake Ozzy. Mimi ni mkatoliki na sijaona wimbo humu unaomsifu shetani hata mmoja, nimeona vita, bomu la nyuklia kwenye Electric Funeral, madawa na upweke. Usikubali kwa maneno yangu lakini, chukua mashairi usome.

mwana_wa_kisauni:
Mie wa Mombasa. Wangu ni Hand of Doom na siuwezi kuusikiliza mbele za watu.

Kakangu alikuwa teja. Alianza na kuvuta, akaja akawa anajidunga, nyumba ikaisha, mpaka sufuria za mama zikauzwa. Huu wimbo Geezer aliandika baada ya kuwaona wanajeshi wa Marekani waliotoka Vietnam wamerudi na unga mwilini, hakuna anayewasemea, na hauna mahubiri hata kidogo. Unaanza na besi pole pole kama mtu anayekunyatia, halafu katikati unaruka ghafla, ni mbio, halafu unaanguka tena ulipoanzia. Kwa aliyeishi na teja anajua hiyo ndiyo siku yake yenyewe, amepoa, arosto imempanda anakimbia huku na huku kutafuta, amepata, amepoa tena. Sijui Muingereza wa miaka 20 aliyajuaje haya.

Kakangu sasa yuwanywa methadoni, dawa ya kuachia unga, kila asubuhi, mwaka wa nne huu, na anafanya kazi. Nilimsikizisha wimbo nikiogopa. Akasikiza mpaka mwisho akaniambia nimpe tena. Hakusema zaidi na mie sikumuuliza.

neno_hai:
Pole sana ndugu wa Kisauni. Nitamuombea kaka yako. Nimesoma mashairi ya War Pigs, nitarudi kusema.

lori_la_tunduma:
Mimi naendesha semi Dar mpaka Zambia. Planet Caravan basi. Nilidhani simu imeruka imeingia albamu nyingine, hakuna drams, kuna konga tu, gitaa linapiga taratibu kama jazi na sauti ya Ozzy kama anaimbia ndani ya maji, wanasema waliipitisha kwenye spika inayozunguka. Watu wawili wanaelea angani basi, hakuna fujo. Ukishuka Kitonga usiku usiiweke utasinzia, mimi naiweka nikishapaki.

Rongai_heavy:
Niko Nai. Wangu ni Paranoid yenyewe. Walikuwa wamebakisha nafasi kidogo kwa albamu, prodyuza akataka ngoma moja fupi, wenzake wakaenda kula, Iommi akabaki na gitaa, waliporudi rifu iko, ikarekodiwa haraka haraka na haifiki hata dakika tatu, ikafika namba 4 Uingereza. Geezer ameshasema alikuwa anaandika kuhusu depression yake, wakati huo hakuna mtu alikuwa anaongea hizo maneno. Mimi nilikuwa kampasi, nimeacha kuenda klasi, siogi, marafiki wanasema nina ringa. Rumeti alikuwa anapiga gitaa bendi ya metal ya hapa, akanichezea hiyo ngoma, nikamuuliza huyu jamaa anaimba nini, akanisomea. Hiyo ndo siku nilimwambia mtu kile nilikuwa nacho, na yeye ndo alinipeleka kwa kaunsela.

Nikaanza kuenda shoo za kina Last Year's Tragedy, nikajua Nairobi kuna watu wa hii kitu, na 2020 Duma wakatoa albamu yao kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hiyo ni kelele ingine kabisa, msikize muone imefika wapi. Wa Dar mko na bendi? Mleta mada tuambie, kama iko tupange shoo, solo_la_kati aje na vikofia vyake.

solo_la_kati:
Nauli mkinitumia nakuja. Iron Man nishaikamata, War Pigs nipeni mpaka mwezi ujao.