Bibi wa miaka 78 anapasuliwa nyonga: nusu kaputi itamvuruga akili?

Mleta mada: Wakuu, naombeni ushauri. Bibi amevunjika nyonga, upasuaji ni keshokutwa. Tayari anasahausahau, na usiku hupewa Piriton ili alale. Tuombe sindano ya mgongo badala ya nusu kaputi?

Kisima: Pole mkuu. Hiyo siyo hoja kubwa. Utafiti wa Marekani na Kanada (2021) kwa waliovunjika nyonga ulikuta waliochanganyikiwa baada ya upasuaji ni asilimia 20.5 kwa sindano ya mgongo na 19.7 kwa nusu kaputi. Kinachovuruga zaidi ni dawa za kutuliza na za maumivu zinazoongezwa pembeni: midazolamu, diazepamu (ndiyo valiamu), promethazini, pethidini. Na hiyo Piriton! Inazuia asetilikolini, kemikali ya kumbukumbu, ambayo ubongo unaosahau tayari unayo kidogo. Iacheni leo, na mumwambie mtu wa usingizi kwamba alikuwa akiitumia.

Jambo jingine ni dozi. Kijana hulazwa kwa propofoli, dawa ya usingizi ya sindano, miligramu 2 hivi kwa kilo ya uzito. Mzee 1 hadi 1.5, tena polepole. Damu yake inazunguka taratibu, dawa inachelewa kufika kichwani. Asiye na subira huongeza, kisha presha inaporomoka.

Tausi: Msiogope dawa za maumivu lakini. Maumivu yenyewe yanachanganya akili. Ulizeni kama anaweza kupigwa ganzi ya neva za paja tangu sasa, kabla ya upasuaji. Pamoja na parasetamo ya kila saa 6, mofini itahitajika kidogo.

Mzani: Leo hii mwambieni ataje siku za wiki kinyumenyume, mwandike alivyofanya. Baada ya upasuaji mrudie asubuhi na jioni, akiwa na miwani na meno yake, mlinganishe kama akili imevurugika. Anayepiga kelele na kuchomoa dripu kila mtu humwona. Anayelala tu, hali chakula, hajibu, husemwa "amepumzika", kumbe naye amechanganyikiwa.

Mleta mada: Asanteni sana. Akiweweseka usiku, wamdunge valiamu?

Kisima: Hapana, labda awe mtumiaji wa kila siku wa pombe au valiamu aliyekatishwa ghafla. Kwanza wapime oksijeni kidoleni, sukari na joto, waguse tumbo la chini kama mkojo umeziba. Mpira wa mkojo nao utolewe mapema, siku inayofuata ikiwezekana.